Hofu ya Mimba Baada ya Mara ya Kwanza: La Kufanya kwa Saa na kwa Siku

Msichana aliyelala na mtu kwa mara ya kwanza, akaingiwa na hofu ya mimba, mara nyingi hukosea wakati. Siku za mwanzo, ambazo dawa bado inafanya kazi, humalizikia kwenye kulia, kujikagua tumbo na kusoma maneno ya watu simuni. Zikishapita, pakiwa hapana la kufanya ila kusubiri, ndipo pirika zinapoanza: anapima kila asubuhi, anachemsha majani, anameza kila anachoambiwa na shoga yake. Mwongozo huu umepangwa kwa saa na kwa siku, kwa ajili ya msichana aliyeko Unguja au Pemba, kwenye nyumba iliyojaa watu, mwenye hela kidogo na hana wa kumuuliza.

Mambo ya dhambi na toba yana wenyewe na yana mahali pake. Mlango wa toba haufungwi kwa kupita saa. Wa P2, yaani vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, unaweza kufungwa. Tuanze na huo.

Hatua ya kwanza: andika saa

Chukua simu au karatasi uandike siku na saa tendo lilipotokea. "Kama juzi hivi" haitoshi. Kama ilikuwa Alhamisi saa nne za usiku, saa 72 zako zinaisha Jumapili saa nne za usiku, na saa 120 zinaisha Jumanne saa hiyo hiyo. Ukiwa na simu inayochezewa na wadogo zako, andika tarakimu peke yake bila maneno.

Chini yake andika tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako iliyopita, yaani siku uliyoanza kuona damu, si siku uliyotoharika. Wengi wetu hatuweki kalenda, lakini madeni ya Ramadhani tunayakumbuka. Kama mwezi mtukufu haujawa mbali, jikumbushe ulianza kula kumi la ngapi, uhesabu kuja mbele.

Damu iliyotoka wakati wa tendo usiiandike kama hedhi. Hiyo ni ya utando kuchanika, na kuna wasichana ambao haiwatoki kabisa. Kutoka au kutotoka kwake hakusemi lolote kuhusu mimba.

Hatua ya pili: lililotokea ni lipi hasa?

Mimba inahitaji manii yafike ndani ya uke, au angalau mlangoni mwake yakiwa bado majimaji. Kubusiana hakuleti mimba. Kukumbatiana na nguo mwilini hakuleti. Manii yaliyokauka kwenye shuka au kanga hayaleti, wala choo mlichochangia, wala kuogelea pwani pamoja. Kama lililotokea ni katika hayo tu, unaweza kuishia hapa ukalale.

Kama aliingia bila kondomu, hatari ipo, hata ikiwa ni mara moja na hata ikiwa ni mara yako ya kwanza katika maisha. Mwili hauna hesabu ya mara ya kwanza. Yule aliyekwambia bikira hashiki mimba alikuwa na lake. Kama kondomu ilipasuka au ilibaki ndani, hesabu kwamba haikuvaliwa. Kama manii yalimwagika nje lakini karibu kabisa na mlango wa uke, hatari ni ndogo, lakini haiwi sifuri.

Kumwaga nje kunahitaji maneno mawili zaidi, maana ndiko vijana wanakokutegemea. Aliyepita chuo cha Kurani anajua tofauti ya manii na madhii, yale majimaji yanayotangulia manii, tangu mlango wa tohara. Kwa hukumu ya kuoga, tofauti hiyo ni kubwa. Kwa mimba si kubwa kiasi hicho, kwa sababu baadhi ya wanaume madhii yao hubeba mbegu. Na wapo wanaochelewa kujitoa wakaapa kwamba waliwahi. Kwa hiyo akikuhakikishia kwamba "nilitoa mapema", mshukuru, halafu uendelee na hatua ya tatu.

Sasa hesabu za mwezi. Yai la mwanamke hutoka mara moja kwa mzunguko, kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, na huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mwanamme ndizo zinazovumilia: zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Ndiyo maana tendo la Jumatatu linaweza kushika mimba Ijumaa. Kwa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32, siku ya 8 hadi ya 19 ndizo zinazohesabiwa za hatari. Mfano, ukiwa umeanza damu tarehe 3, siku zako za hatari ni tarehe 10 hadi 21.

Kwa tendo moja bila kinga, ukichukua siku yoyote ya mwezi bila kujua ni ipi, wanaoshika mimba ni kama 3 hadi 5 katika kila 100. Likiangukia karibu na siku ya yai, idadi inaweza kufika 25 au 30. Kwa hiyo hata katika siku mbaya kabisa walio wengi hawashiki, jambo ambalo hofu ya usiku haimwambii mtu.

Ila usiichukue hesabu hii ukasema "mimi nipo salama, sinywi dawa". Msichana mdogo mzunguko wake haujatulia. Homa, mitihani, safari, hata hofu yenyewe huweza kusogeza yai. Hesabu ni ya kukutuliza. Uamuzi wa dawa uufanye kwa saa zile ulizoandika.

Hatua ya tatu: P2, au kitanzi, ndani ya muda

P2 ni jina tulilozoea kuviita vidonge vya dharura vya levonorgestreli. Kiasi kinachohitajika ni miligramu 1.5, ambayo kwenye pakiti nyingi imegawiwa vidonge 2 vya miligramu 0.75. Zamani watu waliambiwa wanywe kimoja na kingine baada ya saa 12. Siku hizi vyote viwili hunywewa kwa pamoja, mara moja, ukamaliza. Bora ndani ya saa 24, inafaa hadi saa 72, na baada ya hapo hadi saa 120 bado inaweza kusaidia ila nguvu yake imeshapungua sana.

Inachofanya ni kuchelewesha yai lisitoke. Ndiyo sababu ya haraka yote hii: yai likishatoka, P2 haina la kuzuia. Na ndiyo sababu pia kwamba haitoi mimba. Kama mimba imeshashika, haitaitoa wala haitamdhuru mtoto. Maneno kwamba ukinywa mara moja tu hutazaa tena hayana ukweli.

Dukani mazungumzo hayazidi dakika moja:

"Asalaam alaykum, dada."

"Waalaykum salaam. Nikusaidie nini?"

"Naomba P2."

"Imepita muda gani?"

"Tangu jana usiku."

"Kuna dawa nyengine unatumia?"

"Hapana."

Yale maswali mawili ni ya haki, yajibu kweli. Dawa za kifafa kama fenobarbitali, fenitoini na karbamazepini, dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, na efavirenzi ya VVU huipunguza nguvu P2. Mwenye kutumia mojawapo huongezewa kipimo au huelekezwa kwenye kitanzi, yaani kifaa cha kuzuia mimba kinachowekwa ndani ya kizazi. Mwenye mwili mkubwa naye aulize, kwa kuwa kwake P2 inaweza kufanya kazi kidogo. Lakini muuzaji akianza "umeolewa?" au "wewe mtoto wa nani?", usigombane naye. Toka uende duka la pili. Kama maneno hayakutoki mdomoni, andika P2 kwenye simu umuoneshe. Wauza dawa wamezoea. Na kijana aliyehusika anaweza kwenda yeye, ilimradi ayajue majibu ya maswali yale mawili. Kwa maoni yangu ndiye aende: nauli na aibu ya leo ziwe juu yake.

Mjini, maduka ya dawa yapo kila upande: Darajani, Mlandege, Mwanakwerekwe. Aliyeko shamba, Nungwi au Makunduchi, ambako muuza dawa ni jirani wa shangazi yake, apande gari aje mjini. Pemba, wa Konde au Micheweni ataona wepesi zaidi Chake Chake au Wete kuliko dukani kwao. Angalia siku: Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa swala, na sikukuu za Idi huchelewa kufunguliwa, kwa hiyo usiiache safari mpaka saa ya mwisho. Huduma za uzazi wa mpango kwenye vituo vya Serikali hutolewa bila malipo, lakini vituo vidogo vingi hufanya kazi siku za kazi tu. Wikiendi, nenda hospitali au dukani.

Kabla ya kulipa, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi na kwamba pakiti haijafunguliwa. Usikubali kidonge kilichokatwa kikafungwa kwenye gazeti.

Vinywe na maji baada ya kula kitu. Kichefuchefu, kichwa kuuma, matiti kujaa na uchovu ni vya kawaida, na huondoka baada ya siku moja au mbili. Ukitapika ndani ya saa 3 tangu kunywa, nunua nyengine unywe upya. Ramadhani, kama una nafasi ya kutosha katika saa 72 zako, kunywa mara tu baada ya kufuturu. Kama saa zimekubana, muulize mtu wa afya na mtu wa elimu siku hiyo hiyo, usikae kimya ukazipoteza.

P2 haikulindi kwa tendo la kesho. Tena inaweza kuwa imeahirisha yai tu, likatoka siku chache baadaye, na huo ndio mlango ambao wengi hunasia. Mpaka hedhi ije, ama usirudie ama kondomu ivaliwe.

Kitanzi cha shaba ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Kikiwekwa ndani ya saa 120 huzuia mimba kwa zaidi ya 99 katika 100, hakijali uzito wala dawa nyengine, na hufaa hata kwa ambaye hajawahi kuzaa. Huwekwa na mhudumu aliyefunzwa, kwa hiyo nenda hospitali kubwa ukaulizie kitengo cha uzazi wa mpango. Kwa aliyechelewa hadi siku ya nne, hiki ndicho cha kukimbilia.

Kama hukukubali, au kama uko chini ya miaka 18

Kama ulilazimishwa, ulitishwa, ulileweshwa, au aliyekufanyia ni mtu mzima aliyekurubuni, hatua zinabadilika mpangilio. Usioge kwanza kama unaweza kuvumilia, nguo ulizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa, na uende hospitali ndani ya saa 72. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, ushauri na polisi vinapatikana mahali pamoja. Ukiwa Pemba, ulizia huduma hiyo hospitali ya Chake Chake. P2 utapewa huko huko. Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na simu ya msaada kwa watoto ni 116, bila malipo.

Hata aliyekubali mwenyewe, kama hamkutumia kondomu na hujui hali ya mwenzako, saa zile zile 72 ndizo za kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zinazonywewa siku 28. Zanzibar kiwango cha VVU kipo chini ya asilimia 1, lakini asilimia haikwambii habari za mtu mmoja uliyelala naye. Uliza hospitali, na kipimo kirudiwe baada ya wiki 6 na miezi 3.

Hatua ya nne: kusubiri bila kujiumiza

Ukishakunywa P2, au ukiwa umeshapitwa na saa 120, huna tena la kufanya mpaka siku ya kipimo. Hapa ndipo watu wanapojidhuru.

Kujisafisha ndani kwa ndimu, chumvi, sabuni au soda hakuzuii mimba. Mbegu zinaweza kufika kwenye mlango wa kizazi kwa dakika chache, na unachokiosha ni ngozi yako, ambayo itakuwasha na kukupa uambukizo. Kuoga janaba ni ibada, sio kinga. Kunywa majivu, shubiri, mdalasini mkali, vidonge vya malaria kwa wingi au panadoli kumi kwa mpigo: haya hupeleka watu hospitali kwa ini na figo, mimba ikiwa haipo kabisa au ikiwa pale pale. Anayekuuzia "vidonge vya kurejesha siku" vichochoroni hakujui hali yako, na damu ikikushuka usiku hatakuwepo.

Halafu dalili. Kichefuchefu, matiti kuuma, tumbo kujaa, usingizi, kukojoa mara kwa mara: vyote vinaletwa na mimba, vinaletwa na hedhi inayokaribia, vinaletwa na P2, na hofu pekee huweza kuvileta vingi kati ya hivyo. Siku ya tatu baada ya tendo hakuna mwanamke anayetapika kwa mimba. Yai lililorutubishwa huchukua siku 6 hadi 12 baada ya kutoka kufika na kujishika kwenye kizazi, na kabla ya hapo mwili haujapata habari.

Baada ya P2 unaweza kuona matone ya damu katikati ya mwezi. Hayo si lazima yawe hedhi, wala hayathibitishi kwamba umeokoka. Kwa swala na funga, rejea uliyosomeshwa juu ya hedhi na istihadha, ile damu isiyo ya hedhi, au muulize ustadhati. Hedhi yenyewe inaweza kuja mapema au kuchelewa siku kadhaa.

Tafuta mtu mmoja wa kumwambia. Somo wako aliyekufunda, kama ni mtu wa siri, ameshasikia makubwa kuliko haya. Mama mdogo, dada aliyeolewa, muuguzi. Chagua mtu ambaye hujawahi kumsikia akikuletea siri ya mwenzio, kwa sababu aliyekuletea ya mwenzio atampelekea mwenzio ya kwako.

Hatua ya tano: pima siku yake

Kipimo cha mkojo hutafuta homoni ambayo huanza kupatikana baada ya mimba kujishika kwenye kizazi. Ukipima wiki ya kwanza kitasema "hapana" hata kama mimba ipo, na utakuwa umenunua faraja ya uongo. Pima hedhi ikichelewa siku 7, au siku 21 baada ya tendo, lolote litakaloanza kutimia. Tendo likiwa la tarehe 12 Juni, siku 21 zinatimia tarehe 3 Julai. Ambaye mwezi wake haueleweki ashike hizo 21.

Kile cha karatasi ni rahisi na kinatosha. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla hujanywa maji. Ukojoe kwenye kikopo kikavu, ukichovye hadi alama ya mstari na si zaidi, kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti yake, kisha ukilaze pahala pakavu. Kisome baada ya dakika 5. Mstari wa C ndio unaoonesha kipimo ni kizima. Usipotokea, kitupe, hata kama T umetoka. C peke yake ni hapana. C na T ni ndiyo, hata kama T umefifia kiasi cha kukufanya usogee dirishani kuutafuta. Kilichotokea baada ya dakika 10 usikihesabu. Karatasi ikikauka huchora mistari ya kwake.

Ikiwa ni hapana na hedhi bado haijaja, rudia baada ya wiki moja. Hapana ya pili, wiki 4 baada ya tendo, iamini. Hedhi ikiendelea kukosekana, sababu ni nyengine, na kituo cha afya kitakusaidia kuitafuta.

Hatua ya sita: kikitoka "ndiyo"

Nenda kituo cha afya kipimo kirudiwe na umri wa mimba ujulikane. Usiamue jambo lolote siku hiyo wala usimruhusu mtu akuamulie usiku ule ule. Ukiwa na maumivu makali ya tumbo upande mmoja, kizunguzungu cha kuanguka, maumivu ya bega au damu nyingi, hilo halisubiri asubuhi: mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi, na hiyo huua. Na aliyekwisha kunywa kitu cha kutoa mimba, akawa na homa au damu isiyokatika, aende hospitali aseme ukweli alichokinywa, maana matibabu yanategemea jibu hilo.

Wazee bado huwatisha wasichana kwa jela. Kifungo kilichokuwemo kwenye sheria ya mwaka 1985 kwa msichana anayeshika mimba bila ya ndoa kiliondolewa mwaka 2005. Na skuli haijafungwa: utaratibu wa Zanzibar unamruhusu msichana aliyejifungua kurudi darasani, na ulikuwepo miaka mingi kabla ya Bara kuondoa marufuku yake Novemba 2021. Kliniki ya wajawazito uianze mapema, ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, na vidonge vya foliki asidi uanze siku utakayopewa.

Na kikitoka "hapana"

Kama unajua moyoni kwamba yatarudiwa, usiifanye P2 kuwa njia yako ya kila mwezi. Inavuruga hedhi, na nguvu yake ni ndogo kuliko njia za kawaida. Sindano ya miezi mitatu, vijiti vya mkononi, vidonge vya kila siku na kitanzi vyote vipo kwenye uzazi wa mpango. Kondomu peke yake ndiyo inayozuia mimba na maradhi kwa pamoja. Isikae kwenye pochi ya mfuko wa nyuma wala kwenye kisanduku cha vespa juani, kwa sababu joto huila mpira, na siku ya kuitumia itapasuka.